Mwamba Hugongwa na Aliyepiga Shuti

Tarehe 5 Aprili 2024, jijini Pretoria, Stephane Aziz Ki alipiga shuti ambalo mashabiki wa Yanga watalisimulia mpaka kwa wajukuu. Ulikuwa mchezo wa marudiano wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns, uwanja wa Loftus Versfeld, na siku chache nyuma timu hizo zilikuwa zimetoka suluhu kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Mpira ulimpita kipa, ukagonga mwamba kwa chini, ukadunda jirani kabisa na mstari, ukarudi uwanjani. Yanga waliona bao. Waamuzi hawakuliona, na VAR, ile ya kurudia picha za video, ilikuwepo. Dakika tisini zikaisha bila kitu, zikaja penalti, Sundowns wakapita kwa 3-2.

Mimi si mwana-Yanga. Nimezaliwa Tanga, na mtu wa Tanga akikuambia kuna timu anayoiweka mbele ya Coastal Union, mchunguze vizuri huyo. Lakini usiku ule niliumia pamoja nao, na asubuhi yake kijiweni hapakuwa na neno jingine: mwamba. Wauza kahawa mwamba, bodaboda mwamba, hata mzee mmoja ambaye huja pale kucheza bao tu na hajui Aziz Ki ni nani, naye alikuwa analaani mwamba. Nikajiambia, angalau leo neno limekaa mahali pake.

Nasema hivyo kwa sababu nimezeekea kwenye dawati la habari. Kazi yangu ilikuwa kukata maneno ya waandishi na kutunga vichwa vya habari, na najua jinsi watu wa magazeti tunavyoutesa mwamba. Mazungumzo yakivunjika, yamegonga mwamba. Mgomo usipofanyika, umegonga mwamba. Rufaa ikitupwa kwa sababu wakili alichelewa kuiwasilisha, nayo imegonga mwamba. Kiongozi akiahidi daraja kisha akaingia mitini, ahadi yake ndiyo inayogonga mwamba. Yeye mwenyewe hata mkwaruzo hana.

Na sababu zetu zinajulikana. Kichwa cha habari kina nafasi finyu, na “wagonga mwamba” ni maneno mawili yanayoenea kwenye safu mbili bila taabu. Yana kishindo, mtu anasikia kitu kimepigwa. Na kubwa kuliko yote, hayamtaji mtu. Ukiandika kwamba mradi umekwama, msomaji atauliza umekwamishwa na nani. Ukiandika umegonga mwamba, swali linakufa, kwa sababu mwamba ni mwamba tu, haukuwekwa pale na diwani wala katibu. Kwa mhariri anayetaka kulala usingizi, hiyo ni dawa.

Lakini tuanze na mwamba wenyewe, maana vijana wengi wanadhani ulizaliwa uwanja wa mpira.

Fundi wa nyumba za miti na udongo, kabla tofali za saruji hazijaenea, alikuwa anasimika nguzo, kisha juu yake analaza mti mrefu ulionyooka unaozishika zote pamoja. Mti huo ndio mwamba. Juu ya mwamba ndipo yanapokaa makombamoyo, kisha fito, kisha makuti. Mzee aliyeijenga nyumba ya bibi yangu alikuwa akiugonga mti kwa ubapa wa panga kabla ya kuukubali, anasikiliza mlio. Uliooza ndani alikuwa anautupa bila kusema neno, na mwenye miti akinuna anune. Naamini asili ya jina hilo ni kuwamba, yaani kuvuta kitu kikakaza toka upande mmoja hadi wa pili, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma na kamba kwenye kitanda. Basi watu wa pwani walipoona nguzo mbili zimesimikwa kiwanjani na mti umelazwa juu yake, hawakuhitaji kuazima jina kwa mtu. Ile ilikuwa nyumba isiyo na paa, na mwamba wake wanaujua.

Waingereza wenyewe walioleta mchezo hawakuanza na mwamba. Kanuni za chama chao cha soka za mwaka 1863 ziliridhika na nguzo mbili. Mpira ukipita katikati yake, hata uwe juu usawa wa minazi, ni bao. Baadaye wakafunga utepe, na mwaka 1882 ndipo mwamba ukawa wa lazima. Leo sheria inataka ukingo wake wa chini uwe mita 2.44 kutoka ardhini, na unene wake usizidi sentimita 12. Fikiri kuhusu hizo sentimita 12. Mpigaji ametoka mbali, amewapita mabeki, amemshinda kipa, na kitu pekee kilichobaki kati yake na bao ni unene wa kiganja na vidole viwili. Huyo ndiye mtu anayestahili kuambiwa amegonga mwamba. Amefanya kila kitu isipokuwa kile cha mwisho.

Kizazi changu kiliujua mwamba kwa masikio kabla ya macho. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mpira tuliutazama redioni, kama nisemavyo kwa utani, na mtangazaji wa Radio Tanzania ndiye aliyekuwa anajenga goli ndani ya vichwa vyetu. Akivuta ile sauti, “anapiga… mwambaaa!”, chumba kizima kilikuwa kinashika kichwa. Hukuona mpira, lakini ulijua hasa umekosa kwa kiasi gani. Angesema “nje”, tusingeshika kichwa. Nje ni nje. Tofauti hiyo mtangazaji aliilinda kama mboni ya jicho, kwa sababu sisi tuliokuwa upande wa pili hatukuwa na kitu kingine cha kutuambia ukweli.

Aliyeonja uchungu wake kuliko wote barani ni Asamoah Gyan. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, Ghana na Uruguay 1-1, muda wa nyongeza unakatika. Luis Suárez anauzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia, anapewa kadi nyekundu, Ghana wanapewa penalti. Gyan akifunga, Ghana inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Akapiga, mpira ukagonga mwamba, ukapaa. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba dakika chache baadaye, kwenye kupigiana penalti, Gyan huyo huyo alijitokeza kupiga ya kwanza ya Ghana, akafunga. Uruguay walishinda 4-2, na Afrika ikasubiri nusu fainali mpaka Morocco walipoifikia Qatar mwaka 2022. Gyan hakukosa kwa uzembe wala kwa kutokuja kazini. Nikilinganisha hilo na kikao kilichoahirishwa kwa kukosa akidi, kisha navikuta vyote viwili vimevalishwa maneno yale yale gazetini, naona tumemtukana Gyan.

Kila watu wana namna yao ya kumwambia mtu amekaribia. Wamarekani husema ni karibu, ila sigara hupati. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba msemo ulitoka kwenye maonyesho yao ya mwanzoni mwa karne iliyopita, ambako mwanamume alilipa senti, akapewa nyundo kubwa, akapiga chini ili chuma kipande juu kikagonge kengele. Kikigonga, zawadi ni sigara nene. Kikiishia shubiri moja chini ya kengele, mwenye kibanda alimpa maneno tu. Kufikia 1929 maneno hayo yalikuwa yameshaingia kwenye magazeti yao. Kinachonivutia ni kwamba nao wanadai kitu kile kile. Lazima uwe umelipa, umeinua nyundo, na umepiga. Aliyesimama pembeni akila bisi haambiwi kwamba amekosa sigara.

Sasa, si kila aliyekosa kidogo amegonga mwamba, na hapo ndipo ninapogombana hata na wachambuzi wa michezo. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 28 Mei walifungwa nyumbani 2-1 na USM Alger. Tarehe 3 Juni wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, ambayo Ulaya walikuwa wameshaitupa tangu 2021. Yanga hawakugonga mwamba kule. Walishinda mchezo wakapoteza kombe, na kilichowanyima ni sentensi moja kwenye kitabu cha kanuni. Kusema mwamba hapo ni kumficha aliyeiandika ile sentensi.

Au mchukue Juma Ikangaa. Aprili 1988, mbio za Boston, askari huyu wa JWTZ alikimbia kilomita 42 akamaliza kwa saa 2:08:44. Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa saa 2:08:43 na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Sekunde moja! Ikangaa akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. Katikati ya hizo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa muda ambao wakati huo ulikuwa rekodi ya njia ile. Kwa mtu kama huyu Kiswahili kina nusura, kina chupuchupu, kina kidogo tu, na yote yanamfaa kuliko mwamba. Hakuna kitu kilichomzuia barabarani. Alikuwepo mtu aliyekimbia haraka zaidi yake kwa sekunde moja, na mtu huyo ana jina. Septemba 2025 upepo uligeuka: Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walifika kwenye utepe pamoja huko Tokyo, wote saa 2:09:48, picha ikaamua Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya riadha kwenye mashindano ya dunia. Tulicheza ngoma, na tulikuwa na haki. Ila nadhani mpaka leo ni wachache wetu wanaoweza kumtaja Petros bila kuangalia mahali.

Nilipowahi kulalamika hivi mbele ya rafiki yangu mmoja, nahodha mstaafu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mpira umeniharibu akili. “Mwamba ni wa baharini, bwana. Chombo ndicho kinachogonga mwamba. Ninyi mmekuja juzi na goli lenu.”

Ana haki yake. Pwani yetu yote ina miamba chini ya maji, wavuvi wana jina la kila mmoja, na inawezekana kabisa msemo ulikuwa midomoni mwa mabaharia kabla mpira haujafika hapa. Na uzito wake huko ni mwingine: chombo kikigonga mwamba kinapasuka, hakirudi uwanjani kuendelea na mchezo. Pengine ndiyo maana msemo wetu unayumba, mara unamaanisha kukosa kidogo, mara kuangamia kabisa. Mimi nilimjibu kwamba hata tukienda kwake baharini, kesi yangu inasimama. Jahazi lililofungwa gatini haligongi mwamba. Lazima litweke tanga, litoke, liwe linaelekea mahali. Alikubali, ingawa kwa shingo upande, na akaniongezea kisa ambacho kila mtu wa Tanga anapaswa kukijua.

Aprili 1498, Vasco da Gama alipokuwa anapanda pwani hii kuelekea Mombasa, moja ya meli zake, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, pale Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea, ikaendelea na safari mpaka India. Wakati wa kurudi, Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye wakati wa kuvuka bahari, hao waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, basi Wareno wenyewe wakaichoma moto São Rafael, pale pale karibu na Mtangata. Ingekuwa leo, na mimi bado niko dawatini, naapa kichwa cha habari kingekuwa kwamba meli imegonga mwamba. Mafungu hayakuiua. Ilikosa watu wa kuiendesha.

Nikisoma habari za siasa zetu, kisa hicho hakinitoki. Tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini Nairobi azimio la kuunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka ule haujaisha. Wajumbe walikutana, rasimu zikajadiliwa, wakagombana juu ya mamlaka ya shirikisho na nani atabaki na nini. Halikuwa. Hapo sina ugomvi na anayesema liligonga mwamba: chombo kilitoka bandarini, tena kwa kasi, na Nyerere alikuwa tayari amesema tangu 1960 kwamba angeweza kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie pamoja. Shuti lilipigwa.

Linganisha na sarafu moja. Itifaki ya umoja wa fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na mpango ukasema 2024 tutakuwa tunanunua sukari Bujumbura, Kigali na Arusha kwa noti ile ile. 2024 ikafika, ikapita, noti hakuna, na tarehe mpya sasa ni 2031. Taasisi zilizopaswa kusimama kabla ya sarafu hazikuwa zimesimama kwa wakati uliopangwa. Huo si mwamba. Timu bado iko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanagombania nani avae jezi namba ngapi, na sisi tunaandika kwamba mpira umekosa kuingia kidogo tu.

Najua nitaambiwa lugha haina polisi, misemo huhama, na mzee aliyestaafu aache vijana waandike. Kuhama sikatai. Neno likihama kwa sababu watu wamelipenda, lihame. Ninachokitazama ni upande linakohamia. “Kugonga mwamba” limetoka kwa mpigaji likahamia kwa asiyepiga, na katika safari hiyo kila mara aliyefaidika ni mtu mwenye ofisi. Sijawahi kuona gazeti likiandika kwamba mama ntilie aliyeshindwa kulipa mkopo wa kikundi amegonga mwamba. Yeye huandikwa “adaiwa”, “akimbia”, na “asakwa”. Mwamba tunawahifadhia wakubwa.

Majuzi gazeti moja liliandika kuhusu soko la mtaani kwetu. Hilo soko liliahidiwa lijengwe upya, lipate paa, lipate vyoo, na akina mama wauza samaki waondoke kwenye jua. Kichwa cha habari kilisema mradi wa soko umegonga mwamba. Nikasoma habari yote, kalamu mkononi kama zamani. Aya ya sita, kwa herufi zile zile ndogo, ilieleza kwamba fedha za ujenzi hazikuwahi kuingizwa kwenye bajeti ya mwaka wowote. Hakukuwa na zabuni, hakukuwa na mkandarasi, hata kamba ya kupimia haikunyooshwa pale. Mwandishi alikuwa amefanya kazi yake vizuri; ukweli ulikuwemo. Kichwa ndicho kilichouziba.

Nikampigia simu kijana aliyekuwa dawatini usiku ule. Namjua, nimemfundisha kazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hicho kichwa cha soko ni chako?”

Akacheka, akajua kinachokuja. Nikamuuliza ni nani aliyepiga mpira mpaka ukagonga mwamba. Akasema hakuna. Nikamwambia ningekuwa mimi ningeandika hivi: Fedha za soko hazikuwahi kutengwa. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anahesabu herufi, kisha akasema inaenea kabisa, tena inabaki nafasi.

“Sasa kwa nini hukuiandika?”

“Kwa sababu ningeiandika hivyo, mzee, saa mbili asubuhi ningepigiwa simu niulizwe nani kasema hazikutengwa, na nani kanituma.” Akashusha pumzi. “Mwamba haupigi simu.”